Umbizo Likibadilika, Soma Mabaki

Ombi huwa dogo. Ongeza safu moja kwenye jedwali, weka koma kwenye kiasi cha fedha, punguza desimali. Msimbo wenyewe unabadilika mistari michache, kisha majaribio ya regresheni (yanayohakikisha kilichokuwa kikifanya kazi hakijaharibika) yanaendeshwa na mamia ya faili yanaanguka kwa mpigo, kwa sababu kila jaribio hulinganisha kilichotoka na faili yake ya matarajio herufi kwa herufi. Programu haijaharibika. Au imeharibika mahali pamoja tu, na mahali hapo pamefunikwa na mamia ya mabadiliko halali yanayofanana napo.

Njia ya mkato inajulikana: toa amri ya kusasisha faili zote, andika "umbizo tu" kwenye ujumbe wa komiti (kifurushi cha mabadiliko kinachohifadhiwa kwenye Git), endelea na mengine. Njia inayoonekana ya uangalifu ni kukaa na kusoma tofauti zote kwa macho. Mimi naziweka karibu daraja moja. Baada ya kurasa kadhaa za mistari iliyosogea nafasi mbili kulia, jicho huacha kusoma tarakimu na kubaki linatambua sura ya mstari; 250 ikigeuka 205 inapita hivihivi. Huo si uzembe wa mtu, na kumwongeza mkaguzi wa pili hakuuondoi, maana naye ana macho yaleyale.

Kilichonisaidia ni kuacha kusoma mabadiliko na kusoma mabaki. Iandike kanuni ya badiliko kama skripti fupi, iendeshe juu ya faili za matarajio za zamani, kisha linganisha kilichopatikana na faili mpya zilizotolewa na programu. Kinachofanana kimeshaelezwa na kanuni. Kilichobaki ndicho cha kusoma, na mara nyingi kinaenea kwenye skrini moja au mbili.

Kabla ya yote hayo, hakikisha msingi umetulia. Endesha majaribio mara mbili kwenye tawi kuu lisiloguswa, hifadhi matokeo ya kila safari, uyalinganishe. Faili yoyote inayotofautiana kati ya safari hizo mbili ina kitu kinachocheza: saa, njia ya folda ya muda, namba ya mchakato, anwani ya kumbukumbu inayoanza na 0x7f, au mpangilio wa vitu usio na uhakika. Go huchanganya makusudi mpangilio wa kupitia ramani zake. Python hubadilisha mpangilio wa seti za maneno kila inapowashwa, isipokuwa umeiwekea PYTHONHASHSEED. Yarekebishe hayo kwanza, katika komiti yake yenyewe. Ukiyaacha, yataingia kwenye mabaki na utajikuta unajizoeza kuyapuuza, na mkaguzi aliyezoea kupuuza mabaki ni sawa na asiyekuwepo.

Funga pia mazingira: LC_ALL=C, TZ=UTC na COLUMNS=80, yaani lugha, saa za eneo na upana wa dirisha. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Maandishi ya msaada yanayotengenezwa na argparse ya Python (maktaba inayosoma vigezo vya amri) hukunjwa kufuata upana wa dirisha la anayeyaendesha, kwa hiyo mwenye skrini pana anazalisha faili ambazo seva ya majaribio itazikataa. Hukohuko kwenye argparse, Python 3.10 ya mwaka 2021 ilibadilisha kichwa "optional arguments:" kuwa "options:", na kila mradi uliokuwa umehifadhi maandishi ya msaada kama matarajio ukaona wekundu bila kugusa msimbo wake hata mstari mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Chukulia faili za matarajio ziko kwenye folda ya expected, umbizo limeshabadilishwa, na faili mpya zimezalishwa lakini hazijawekwa kwenye komiti:

mkdir /tmp/zamani
git archive HEAD expected | tar -x -C /tmp/zamani
find /tmp/zamani -name '*.out' -exec sed -i -E -f kanuni.sed {} +
diff -ru /tmp/zamani/expected expected

Mstari wa kwanza na wa pili unatoa nakala ya zamani bila kuvuruga folda unayofanyia kazi. Wa tatu unaipitishia kanuni kwa sed, programu ya kubadilisha maandishi kwa ruwaza. Wa nne unaonyesha mabaki. (Kwenye macOS, sed inadai '' baada ya -i.) Badiliko likiwa gumu kuliko uwezo wa sed, andika kanuni kwa Python au Perl, bado haitazidi mistari ishirini au thelathini. Ikizidi hapo, huenda unabadilisha mambo mawili kwa pamoja na ni heri uyatenganishe.

Sharti moja halina mjadala: kanuni iandikwe kutokana na kilichoombwa, si kwa kuchungulia faili mpya. Tuseme umeombwa kuweka koma za maelfu kwenye kiasi cha fedha. Ukichungulia matokeo mapya utaona namba zina koma, utaandika ruwaza inayotia koma kwenye kila namba yenye tarakimu nne na zaidi, mabaki yatakuwa sifuri, nawe utafurahi. Kumbe mwaka 2024 umeshakuwa 2,024 na namba ya ankara 1002345 imekuwa 1,002,345, kwa sababu programu ina kosa lilelile ambalo umelinakili kwenye kanuni. Kanuni iliyotoka kwenye ombi ingesema "safu ya kiasi peke yake", na miaka yote yenye koma ingejitokeza kwenye mabaki mara moja. Hapohapo ungemkuta na rafiki yake wa siku zote: -123456 iliyochapishwa kama -,123,456, tunda la ruwaza iliyohesabu tarakimu tatutatu toka kulia ikasahau kwamba alama ya kutoa si tarakimu.

Mabaki yakiwa mengi mwanzoni, usikate tamaa wala usianze kuyasoma moja moja. Yakusanye kwa sura:

diff -ru /tmp/zamani/expected expected | grep '^[-+]' | grep -vE '^(--- /tmp|\+\+\+ exp)' | sed -E 's/[0-9]+/N/g; s/ +/ /g' | sort | uniq -c | sort -rn

Kila namba inageuzwa N, nafasi zinabanwa kuwa moja, na mistari yenye sura moja inahesabiwa pamoja. Juu ya orodha utaona sura zilizojirudia mara nyingi, ambazo karibu zote zinamaanisha kwamba kanuni yako imesahau kitu. Irekebishe, endesha tena. Chini kabisa kuna sura zilizotokea mara moja au mbili. Anzia kusoma huko. Angalia pia ile grep ya pili ilivyoandikwa: ukiifupisha iondoe kila mstari unaoanza na vistari vitatu, utatupa pia mistari ya kutenganisha majedwali iliyofutwa, kwa kuwa nayo huanza na vistari hivyohivyo.

Majedwali yaliyopangwa kwa safu yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo yanayozalisha kelele nyingi kuliko kitu kingine. Hivi ndivyo psql, programu ya mstari wa amri ya hifadhidata ya PostgreSQL, inavyochapisha:

 id | hali | kiasi
----+------+-------
  1 | wazi |   250

Ongeza safu mlalo moja yenye neno refu:

 id |   hali    | kiasi
----+-----------+-------
  1 | wazi      |   205
  2 | imefungwa |    80

Neno "imefungwa" limepanua safu, hivyo kila mstari umebadilika hadi ule wa vistari. Katikati ya fujo hiyo kiasi cha mstari wa kwanza kimegeuka, na kwenye orodha ya kawaida ya tofauti hakuna kinachokivuta macho. Kuna anayekimbilia git diff -w. Itasaidia hapa, lakini jua inachokificha: -w hupuuza nafasi zote, hata pale ambapo upande mmoja una nafasi na mwingine hauna kabisa, kwa hiyo "10 0" na "100" kwake ni kitu kimoja. Afadhali -b, ambayo hupuuza wingi wa nafasi tu, ikiambatana na --word-diff ili neno lililobadilika lionekane peke yake ndani ya mstari.

Hata -b ina upofu wake. psql husukuma namba kulia na maandishi kushoto. Safu ya kiasi ikigeuka kutoka namba kamili kuwa maandishi, tarakimu zinabaki zilezile na dalili pekee ni kwamba zimehamia kushoto. Ukibana nafasi, umeifuta dalili hiyo. Kwa hiyo mabaki nayaangalia mara mbili: nafasi zikiwa zimebanwa, kutafuta thamani zilizobadilika, kisha bila kubana, kwenye faili chache, kutafuta safu zilizohama upande. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida psql huchapisha NULL (thamani isiyopo) kama pengo tupu, sawasawa na neno lisilo na herufi. Jaribio linalojali tofauti hiyo liwekewe \pset null kabla hujagusa lolote.

Jambo lililobadilisha zaidi namna ninavyokagua ni kuuliza kanuni inaandikika kuelekea wapi. Ikiwezekana kutoka zamani kwenda mpya na pia kutoka mpya kurudi zamani, basi hakuna taarifa iliyoongezeka wala kupotea. Badiliko ni la sura tupu. Jest 29 ya mwaka 2022, zana ya majaribio ya JavaScript, ilikuwa karibu na hali hiyo: "Object {" ikawa "{", "Array [" ikawa "[", na mikwaju ya kinyume mbele ya alama za kunukuu ikaondoka. Kanuni ni ya mstari mmoja, ila iwekee mpaka wa neno; bila mpaka, darasa linaloitwa StoreObject, ambalo jina lake Jest bado hulichapisha, litakatwa na kubaki "Store{" kwenye nakala yako. Asiyetaka kuhama siku hiyohiyo anaweza kurudisha sura ya zamani kwa kuweka escapeString na printBasicPrototype kuwa true ndani ya snapshotFormat, ahamie baadaye kwa utulivu.

Kanuni ikiandikika kutoka mpya kurudi zamani tu, ujue umbizo jipya linaonyesha zaidi. NumPy 2.0 ya mwaka 2024, maktaba ya hesabu ya Python, ni mfano mzuri: palipokuwa panachapishwa 3.0 sasa ni np.float64(3.0). Huwezi kuitabiri aina kutoka kwenye faili ya zamani, lakini unaweza kuivua kutoka kwenye mpya:

s/np\.(float64|int64)\(([^()]*)\)/\2/g

Aina nyingine nimeziacha makusudi. Mabaki yataleta np.True_, ambayo haina mabano na ni halali. Utaiongeza kwenye kanuni. Yataleta pia np.float32(…) mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba hesabu inafanyika kwa usahihi mdogo. Hilo lilikuwepo siku zote. Umbizo jipya limelifichua tu. Usilinyamazishe kwa kulitia kwenye kanuni. Liandikie tatizo lake, na kama muda hauruhusu, np.set_printoptions(legacy='1.25') inarudisha uchapishaji wa awali.

Ya hatari ni ile inayoandikika kutoka zamani kwenda mpya tu. Desimali sita zikipunguzwa kuwa mbili, kanuni itapita, mabaki yatakuwa sifuri, majaribio yatakuwa ya kijani, na majaribio hayo yatakuwa yameacha kuona kosa lolote lililo chini ya senti. Hapa mabaki matupu si ushahidi wa kutosha. Lazima jaribio fulani lichapishe thamani kamili kwa njia nyingine, au badiliko likataliwe, hata kama aliyelileta ana haraka.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ulionekana PostgreSQL 12 ilipotoka mwaka 2019. Thamani ya kawaida ya extra_float_digits ilipanda kutoka 0 hadi 1, na namba za nukta inayoelea zikaanza kuchapishwa kwa tarakimu chache kuliko zote zinazotosha kuirudisha namba ileile bila kupoteza kitu. Jumla ya 0.1 na 0.2 za float8 (aina mojawapo ya namba hizo), iliyokuwa ikionekana kama 0.3, ikawa 0.30000000000000004. Ni kweli zaidi, lakini jaribio lililokuwa tulivu sasa linaweza kutofautiana kati ya mashine na mashine kwenye tarakimu ya mwisho, kwa kuwa mpangilio wa kujumlisha au kikusanyaji kingine kinatosha kuisogeza. Ukizalisha faili kwenye mashine yako na seva ya majaribio ikazikataa, usikimbilie kuzalisha upya huko. Weka extra_float_digits kuwa 0 kwenye jaribio hilo, au kadiria thamani ndani ya swali lenyewe kwa round baada ya kuigeuza kuwa numeric.

Kisha kuna herufi zisizoonekana, ambazo hugharimu muda mwingi kuliko zinavyostahili. Tofauti inaonyesha mstari mmoja umefutwa na mwingine umeongezwa, na yote miwili inasomeka "3:45 PM". Si macho yako. Data za lugha za CLDR 42 za mwaka 2022, zilizoingia kwenye JDK 20 ya Java na kwenye maktaba ya lugha ya ICU 72, zilibadilisha nafasi iliyo kabla ya AM na PM katika Kiingereza cha Marekani ikawa U+202F, nafasi nyembamba isiyovunja mstari. Upitishe mstari kwenye cat -A: nafasi ya kawaida inabaki nafasi, ile nyingine inatokea kama M-bM-^@M-/, yaani baiti e2 80 af. Amri hiyohiyo inafichua ^I ya kichupo na ^M ya mwisho wa mstari wa Windows. Hiyo ya Windows inazuilika kwa kuandika *.out -text kwenye .gitattributes, ili Git isijaribu kugeuza mwisho wa mistari.

Mabaki yakishakuwa tupu au kueleweka yote, bado kuna mambo ambayo kanuni haiwezi kuyaona, nayo ni ya haraka. Hesabu maneno kama ERROR, Traceback na panic kwenye faili za zamani na mpya. Hesabu zikitofautiana, mtu amehifadhi kuanguka kwa programu kama matarajio. Tafuta faili tupu kwa find expected -size 0. Tazama git diff --numstat na uichunguze kila faili ambayo mistari iliyofutwa inaizidi sana iliyoongezwa. Kwa Jest, jua kwamba -u haisasishi tu, inafuta pia snapshoti (matarajio yaliyohifadhiwa) zilizopitwa na wakati, hivyo jaribio lililobadilishwa jina au kuondolewa kwa bahati mbaya linaondoka na ushahidi wake. Kwenye seva tumia --ci, isije ikaandika snapshoti mpya kimyakimya.

Mradi unaotumia pg_regress, kiendeshaji cha majaribio cha PostgreSQL, una mtego wake. Jaribio moja linaweza kuwa na faili mbadala za matarajio, jina_1.out, jina_2.out na kuendelea, kwa ajili ya mifumo au mipangilio tofauti. Mashine yako huzalisha toleo moja tu. Hayo mengine yatabaki na umbizo la zamani mpaka mtu mwenye mfumo mwingine alalamike. Hapa skripti ya kanuni inalipa gharama yake mara ya pili: iendeshe moja kwa moja juu ya faili hizo mbadala, kwa kuwa umeshathibitisha kwenye faili nyingine kwamba inatoa kilekile kinachotolewa na programu.

Kuhusu komiti, msimbo wa umbizo na faili zake za matarajio vikae pamoja. Ukivitenganisha, komiti ya kati itakuwa imevunjika na git bisect, inayotafuta komiti iliyoleta kosa, itakwama hapo miezi ijayo. Kinachotenganishwa ni umbizo na tabia: kama katika pitapita umekuta kosa la hesabu, lirekebishe kwenye komiti nyingine, kabla au baada. Skripti ya kanuni iweke ndani ya ujumbe wa komiti yenyewe. Wasanidi wa kernel ya Linux hufanya hivyo na mabadiliko ya Coccinelle (zana ya kubadilisha msimbo wa C kwa kanuni), na inamwezesha mkaguzi kuendesha zile amri nne mwenyewe badala ya kuamini neno "umbizo tu". Ningekuwa na mamlaka, ningekataa kila komiti kubwa ya umbizo isiyo na kanuni yake.

Baada ya kuunganisha, tarajia migongano kwenye matawi ya wengine. Isitatuliwe kwa mkono mstari kwa mstari. Mwenye tawi achukue faili za tawi kuu na kuzalisha upya, au apitishe kanuni kwenye faili zake mpya. Hatari zaidi ni tawi lisilogongana kabisa: mtu ameongeza jaribio jipya lenye umbizo la zamani, Git haioni tatizo, na tawi kuu linavunjika dakika chache baadaye. Watangazie wenzako siku, wape skripti. Namba ya komiti iongeze kwenye .git-blame-ignore-revs ili git blame isikuonyeshe wewe kama mwandishi wa kila mstari. Hilo linahitaji Git 2.23 au baadaye, pamoja na kuweka blame.ignoreRevsFile.

Na kama majaribio mengi yameanguka kwa badiliko ambalo hayakuwa yakilipima, punguza idadi yao kabla ya badiliko lijalo. Jaribio la thamani lichapishe umbizo la mashine: kwenye psql, \pset format unaligned, ambapo neno refu halisogezi mistari ya jirani. Acha machache yaliyopangwa kwa safu, yenye namba hasi, sifuri, NULL, neno refu na jedwali lisilo na mstari wowote, yalinde sura anayoiona mtumiaji. Safu iliyogeuka kutoka namba kuwa maandishi itaonekana huko tu.